Mgongo wa Kuazima

Karatasi ya rangi ya waridi ilikuwa imekunjwa mara mbili na kusukumwa kwenye kisanduku chake cha barua, katikati ya barua ya mama yake na tangazo la kwaya. Arlys Tvedt aliitambua kabla hajaikunjua. Katika bweni lile la wasichana mia moja na ishirini hakuna aliyekuwa haijui karatasi ya waridi. Ilimtaka afike mbele ya Jopo la Heshima siku ya Alhamisi, saa kumi alasiri, ukumbi mdogo wa chini, "kuhusu mwenendo." Mwishoni palikuwa na sahihi ya mwenyekiti wa jopo, kwa mwandiko mzuri wa mviringo: Corinne Nygaard.

Corinne Nygaard ndiye aliyelala kitanda cha pili chumbani mwake.

Akakaa pale pale kwenye ngazi. Barua ya mama yake hakuifungua. Mama angekuwa ameandika habari za ndama na za theluji iliyogoma kuyeyuka ingawa Aprili imeingia, na Arlys alijiona hana haki tena ya kusoma habari za ndama. Wenzake walimpita wakipanda na kushuka. Waliiona ile rangi mkononi mwake, wakaacha kucheka mpaka walipofika kona.

Mwaka uliopita alikuwa ameitwa Merlene Quist wa ghorofa ya tatu. Aliitwa Jumatatu, Jumatano wenzake walipotoka kula chakula cha mchana walikuta kitanda chake hakina shuka na jina lake limebanduliwa mlangoni, gundi tu imebaki. Sasa Merlene alikuwa akipanga makopo ya njegere katika kiwanda cha kwao. Lakini kiwanda hakikuwa kitu. Kilichomtisha Arlys kilikuwa barua. Chuo kile kilikuwa cha kanisa, na kanisa halifanyi jambo nusunusu: msichana akifukuzwa, barua mbili huandikwa, moja kwa wazazi na nyingine kwa mchungaji wa kwao. Na mchungaji wa kwao, kwa upendo mtupu, humwombea ibadani Jumapili, kwa jina.

Kanisa la kwao Arlys lilikuwa na familia sitini, na zote sitini zilikuwa binamu. Baba yake hukaa benchi la tatu upande wa kushoto, mtu wa kukamua ng'ombe, shingo nyekundu kwa baridi na jua. Arlys aliiona ile shingo ikiinama. Alimsikia Mchungaji Lien akikohoa kwanza, kama kawaida yake, kisha akilitamka jina lake mbele ya watu wote, taratibu, herufi zote.

Na yote hayo kwa sababu ya sekunde arobaini za filamu.

Miaka ile, huko miji mikubwa, vijana walikuwa wameshaanza kusema kwamba mwili ni wa mwenyewe. Magazeti yalijaa habari za vidonge vya kuzuia mimba na za wanafunzi wanaoishi pamoja bila ndoa wala haya. Habari hizo zilifika hadi kwenye chuo kile kidogo kati ya mashamba ya mahindi, zikachunguliwa chini ya blanketi, zikazua mnong'ono. Sheria zenyewe hazikutikisika. Msichana aliandika kwenye kadi anakwenda wapi, na nani, anarudi saa ngapi. Akichelewa dakika tano alifungiwa bwenini Ijumaa nzima. Mvulana angeweza kurudi alfajiri akiimba, na mlinzi angemuuliza tu kama ana sigara. Wavulana hawakuwa na karatasi ya rangi yoyote.

Mmoja wa wavulana hao alikuwa Duane Kuhlmann, mwembamba, miwani imefungwa kwa utepe, aliyechukua somo la tamthilia na kuamua kwamba badala ya kuandika insha atatengeneza filamu. Kamera ilikuwa ya mjomba wake, na hadi siku hiyo ilikuwa imepiga picha za mashindano ya mahindi tu. Hadithi yake ilikuwa ya wanafunzi wawili wanaopendana, kisha mvulana anaitwa vitani. Alimtaka Arlys awe yule msichana. "Una uso unaoonyesha kila kitu," alimwambia, na Arlys, ambaye tangu azaliwe hakuna aliyemwambia uso wake unaonyesha chochote, alikubali kabla ya kusikia hadithi inaishaje.

Ilikuwa na kitanda, hadithi ile. Duane alisema filamu ya vijana wa siku hizi isiyo na kitanda ni uongo.

Walipiga picha Jumapili mchana, saa nane hadi saa kumi, ndiyo saa pekee ambazo wasichana waliruhusiwa kuingia bweni la wavulana. Na hata hapo, kwa masharti mawili: mlango uwe wazi, na kati ya miguu minne ya mvulana na msichana, mitatu iwe sakafuni. Corinne alikuja kumsindikiza. Alikaa kwenye kiti cha Duane akila tofaa na kufanya hesabu zake. Arlys alifanya vizuri. Alilaza kichwa juu ya mto, kola ya blauzi imekunjiwa ndani isionekane, akamtazama Rolf, mpiga mieleka aliyekuwa mpenzi wake wa kuigiza, kwa macho yaliyomfanya Rolf asahau kwamba anatakiwa kumtazama pia. Kisha Duane akasema, "Haya, sasa mgongo. Unakaa, unaipa kamera kisogo, shuka inashuka hadi kiunoni. Basi."

Arlys akaganda. Alitoka hadi kwenye korido, Corinne akamfuata.

"Siwezi," alisema. "Corinne, siwezi. Kwanza naogopa. Pili unalijua kovu langu."

"Basi mwambie hutaki."

"Atafeli somo. Akifeli atatolewa chuoni, na asiye chuoni wanamchukua jeshini. Amenitazama hivi..." Machozi yalikuwa yameshafika. "Kaa wewe badala yangu. Dakika moja tu. Nywele zetu ni rangi moja. Nakuomba, dada, sitakuomba tena kitu maisha yangu yote."

Corinne alimaliza kutafuna tofaa. Alikuwa binti wa mchungaji, na pengine ndiyo sababu hakuogopa sana vitu vinavyoogopesha binti za wakulima.

"Mgongo tu?"

"Mgongo tu."

"Jamani, mgongo! Hata ng'ombe wa baba yako wana mgongo." Akafuta mikono kwenye sketi, akaingia. "Lakini jina langu lisionekane popote, Duane, unanisikia? Na miguu mitatu sakafuni! Mimi ni mwenyekiti wa jopo, bwana, siwezi kuvunja kanuni ninazowafungia wenzangu."

Ikawa hivyo. Rolf alijipinda, kiwiliwili kitandani na miguu yote miwili chini, akalalamika nyonga siku mbili. Corinne aliuteremsha mguu mmoja upande ambao kamera haikuuona, akashikilia shuka kifuani kwa mikono miwili, akawapa kisogo. Mlango ulikuwa wazi, na wavulana wawili waliopita waliambiwa wageuze macho, wakageuza, kiasi. Ilikwisha kabla ya saa tisa na nusu.

Wiki iliyofuata Duane alikata filamu kwa wembe na kuiunganisha kwa utepe, uso wa huyu ukafuatwa na mgongo wa yule, na mtu akitazama ukutani haoni mshono. Aliwaonyesha, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Arlys hata alimwonea wivu yule msichana wa ukutani, mwenye uso wake na mgongo laini. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mgongo wa kuazima, ndugu zangu, hausitiri chochote kabisa.

Maana ukumbi wa maonyesho ulikuwa wa chuo, na kila kinachoonyeshwa humo lazima kionwe kwanza na Bi Thorkelson, Mlezi wa Wasichana. Duane, kwa ule ujinga wa watu wenye vipaji, aliipeleka filamu mwenyewe, akitabasamu. Bi Thorkelson alipomuuliza msichana yule ni nani, tabasamu likamtoka. "Majina yapo mwishoni," alijibu. Mwishoni kulikuwa na jina moja tu la msichana.

Arlys alipofika chumbani alimkuta Corinne mbele ya kioo akizungushia nywele zake kwenye makopo matupu ya maji ya machungwa, ili zinyooke.

"Umeweka sahihi wewe!" Arlys alimtupia karatasi mapajani.

"Nimeletewa kumi na mbili, nimesaini kumi na mbili. Ya kwako ilikuwa ya saba. Ningefanyaje? Ukikataa kusaini unaandika sababu."

"Basi jitoe kwenye jopo."

"Kujitoa nako kunaandikwa sababu. Hebu kaa chini, unatetemeka mpaka unanitia baridi." Corinne aliweka kopo la mwisho. "Sikiliza. Utasema ilikuwa maigizo. Utaomba radhi. Utalia kidogo, na kulia unajua. Watakufungia mwezi mmoja. Mwezi si kitu, tutafuma masweta."

"Na wakiuliza habari ya mgongo?"

"Mgongo hauna jina."

"Wakiuliza, Corinne?"

Corinne akageuka kutoka kwenye kioo. Makopo yale kichwani yangechekesha siku nyingine yoyote. "Baba yumo kwenye bodi ya chuo," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane sauti yake ilikuwa ndogo. "Hapa ndipo alipomwoa mama. Kanisa lile pale nje, babu yangu alibeba mawe yake. Lakini mdomo ni wako, sitakufunga."

"Sitakutaja! Haki ya Mungu, hata wanichune ngozi."

"Usiape, Arlys. Kwetu hatuapi."

Lakini alikuwa ameshaapa, na kwa moyo wote. Hakula siku ile, wala ya pili yake. Darasani aliandika tarehe, akashindwa kuandika kingine. Kila alipofumba macho aliona benchi la tatu upande wa kushoto.

Alhamisi saa kumi mapazia ya ukumbi mdogo yalikuwa yamefungwa. Wasichana saba walikaa nyuma ya meza ndefu, Corinne katikati na penseli yake. Bi Thorkelson alikaa pembeni, kwa kuwa jopo lilikuwa la wasichana wenyewe na yeye alikuwa mshauri tu. Ushauri wake haukuwahi kukataliwa tangu jopo lianzishwe. Na kwa sababu watu wale hawawezi kukutana hata kwa kuhukumiana bila kahawa, palikuwa na birika na sahani ya biskuti za siagi. Msichana mmoja wa jopo alimletea Arlys kikombe, akamuuliza kwa upole kama anataka sukari. Arlys aliona bora angeletewa pingu. Kikombe kililia juu ya kisahani mpaka ikabidi akiweke chini, na kahawa ikamwagika.

Filamu ikaonyeshwa kwenye shuka jeupe ukutani. Uso wake ukatokea, mkubwa kama mlango, umejaa mapenzi aliyokuwa ameyaigiza, au alidhani ameigiza. Kisha mgongo.

"Simamisha hapo," alisema Bi Thorkelson.

"Ikisimama inaungua, Bi Thorkelson," alisema msichana aliyekuwa kwenye mashine.

"Basi irudie."

Wakairudia. Wakairudia tena. Mara ya tatu Arlys aliwaona wasichana wa jopo hawatazami tena ukutani, wanamtazama yeye, mabega yake, wakimvua nguo kwa macho. Corinne peke yake aliangalia penseli.

Taa zikawashwa. Bi Thorkelson alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Ndiyo maana aliogopwa.

"Nimetafuta miguu," alisema. "Kanuni inataka mitatu. Sijaona hata mmoja."

"Ilikuwa maigizo," alisema Arlys. Maneno yote aliyoyakariri yalikuwa yamekimbia, likabaki hilo. "Sisi tulikuwa... hakuna kilichotokea, Bi Thorkelson. Tuliigiza tu. Naomba radhi."

"Uso unaweza kuigiza, binti yangu. Mgongo unaigiza nini? Mgongo uko wazi au umefunikwa." Alifungua faili. Hakuwa mtu mbaya, na pengine hilo ndilo lililokuwa baya zaidi: uso wake ulionyesha huruma. "Wasichana, nadhani hatuna haja ya kumtesa mwenzenu kwa maswali. Ushauri wangu ni aondoke chuoni kabla ya Jumapili. Nitawaandikia wazazi. Na Mchungaji Lien nitamwandikia kwa mkono wangu mwenyewe, nilisoma naye. Ataumia sana. Atakuombea, Arlys."

Hapo hofu ya siku mbili ilimjaa mwili mzima. Hakufikiri. Ningependa kuwaambia alifikiri, lakini hakufikiri. Alijikuta amesimama.

"Si wangu," alisema.

"Nini si chako?"

"Mgongo. Mgongo ule si wangu."

Vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye vifungo. Alifungua cha kwanza, cha pili, vyote hadi cha mwisho, akawapa kisogo wale wasichana saba na Mlezi wao, akaiacha blauzi ishuke. Ubaridi wa ukumbi ulimpiga. Kovu lilianzia chini ya shingo na kushuka hadi kiunoni, la sufuria ya mafuta ya moto iliyompindukia akiwa na miaka minne, ngozi yote imejikunja kama utandu wa maziwa yaliyochemka. Hakuwahi kumwonyesha mtu ila mama yake na Corinne. Aliwasikia wakivuta pumzi. Mtu aliyekuwa akitafuna biskuti aliacha.

"Vaa, mwanangu," alisema Bi Thorkelson. "Vaa. Mungu anisamehe."

Arlys akavaa, vifungo vikaingia matundu yasiyo yake. Alikuwa amepona. Aliliona hilo katika nyuso zao. Kisha Bi Thorkelson akasema, "Basi mgongo ule ni wa nani?" na Arlys akajua kwamba hakuwa amepona, alikuwa amefungua mlango mwingine tu.

Akarudi kwenye vifungo vyake.

"Mwenyekiti," alisema Bi Thorkelson, "uliza kwa utaratibu."

Utaratibu kila mtu aliujua. Mwenyekiti huuliza mara tatu. Anayejua jambo na akanyamaza mara tatu amelificha, na anayeficha anaondoka chuoni sawasawa na aliyetenda. Mwenyekiti hana ruhusa ya kumwachia mwingine swali.

Corinne alinyoosha mgongo wake kitini. "Bi Tvedt," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma saa za ibada, "mgongo ule ni wa nani?"

Nataka tumtendee Arlys haki. Mara ya kwanza alinyamaza kwa moyo safi. Alikumbuka tofaa, alikumbuka "mgongo tu," akakaza meno.

"Bi Tvedt. Mgongo ule ni wa nani?"

Mara ya pili pia alinyamaza. Aliviona vidole vya Corinne vimeikaba penseli hadi vimekuwa vyeupe, akaelewa kwamba rafiki yake, yule asiyeogopa kitu, anaogopa kuliko yeye, na anauliza hivyo hivyo. Bi Thorkelson alikuwa ameshika kalamu yake. Karatasi ya barua ilikuwa juu ya faili, tupu, inasubiri.

"Bi Tvedt." Kwa mara ya kwanza sauti ya Corinne ilikwaruza. "Mgongo ule ni wa nani?"

Na kichwani mwa Arlys Mchungaji Lien alipanda mimbarini, akakohoa. Shingo ya baba yake ikaanza kuinama. Arlys akafumbua kinywa. Jina lile huanzia kooni, na koo lilikuwa limeshajikaza kulitoa. Nusu ya pumzi ilikuwa imeshatoka nalo. Wengine walikuwa wakimtazama Mlezi. Corinne alikuwa akimtazama yeye, mdomoni.

"Ni wangu," alisema Corinne.

Penseli akaiweka mezani. "Ni mgongo wangu, Bi Thorkelson. Arlys hakutaka kuvua nguo, nikakaa mimi. Miguu miwili ya Rolf ilikuwa chini, na mmoja wangu. Mitatu. Niliihesabu mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Bi Thorkelson alikuwa amebadilika rangi. Alikuwa amemjua Corinne tangu siku ya ubatizo wake. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na siku ile vilikwenda hivyo hivyo, kila kimoja kwa mwenyewe. Maana kitu cha kwanza kilichomwingia Arlys moyoni hakikuwa huruma. Kilikuwa furaha. Nasema furaha: barua haitaandikwa, Mchungaji Lien ameshuka mimbarini. Ndipo akaiona ile furaha ni ya nini, akatamani kujitapika mwenyewe.

Bado palikuwa na nafasi. Angeweza kusema, "Mimi ndiye niliyemwomba, nilimlilia." Alikaa chini.

Corinne aliambiwa atoke nyuma ya meza. Wasichana sita wakapiga kura ya kumwondoa chuoni kwa kuinua mikono, wawili wakilia, na mikono yote sita ikainuka. Arlys alifungiwa mwezi mmoja bwenini kwa kuigiza kitandani. "Hukupaswa kunyamaza," Bi Thorkelson alimwambia mlangoni, akimwekea mkono begani, "lakini mara tatu umeulizwa, na mara tatu umekataa kumtoa mwenzako. Hilo pia limeonekana."

Duane aliambiwa akate sekunde arobaini. Alizikata, filamu ikaonyeshwa, na akapata alama za juu kabisa darasani.

Ijumaa asubuhi Corinne alifungasha. Alitia makopo yake kwenye mfuko wa karatasi, akavua shuka mwenyewe ili wasije wakamvulia. Arlys alikunja sketi ile ile mara nne.

"Nilikuwa sitaki kusema chochote pale," alisema mwishowe. "Ile ya tatu. Nilitaka kukohoa tu."

Corinne alifunga sanduku, akalikalia ili lifungike. "Niliuona mdomo wako, Arlys," alisema bila ukali. "Nilijua utasema, na mimi nisingependa nikuchukie. Sikulaumu. Ila usinidanganye."

Kutoka chini ya ngazi ilisikika sauti ya msichana wa zamu: "Mwanamume ghorofani! Mwanamume ghorofani!" Milango ikabamizwa mmoja baada ya mwingine, ndivyo ilivyokuwa desturi hata kwa fundi bomba. Safari hii mwanamume alikuwa Mchungaji Nygaard, katika koti lake jeusi na kola nyeupe, akipanda polepole ngazi za chuo chake mwenyewe. Binti yake alimwangalia usoni mara moja tu. Mchungaji alikuwa mtu mnene mwenye macho mekundu, ameendesha gari tangu kabla ya kupambazuka.

Kwanza hakumgusa Corinne. Alimwendea Arlys, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye Arlys. Wameniambia habari zako," alisema. "Waliuliza mara tatu, na mara tatu ukanyamaza, na wewe unajua nini kinakungoja ukinyamaza. Mimi nimechunga kanisa miaka ishirini na minane, sidhani nina watu wawili wa namna hiyo." Alikuwa bado hajauachia mkono. "Laiti huyu wangu angekuwa na moyo kama wako. Mwandikie, mwanangu. Atahitaji mtu kama wewe."

Nyuma yake Corinne alikuwa amesimama, koti limefungwa hadi shingoni, akimtazama Arlys. Hakukunja uso wala hakutikisa kichwa. Alingoja tu.

"Asante, Mchungaji," alisema Arlys, akainama kushika upande wa pili wa sanduku.